Maneno ya Mke Wangu Kwenye Maiki

Nikikumbuka sauti yangu ya siku ile, najionea kinyaa. Sisemi kwa mfano. Mate yananijaa mdomoni, natema chini.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri sinema kwenye kibanda cha video pale Nyakanazi. Kutafsiri! Lugha zenyewe nilikuwa sizijui. Nilishika maiki, nikatazama midomo ya watu kwenye televisheni, nikawatungia maneno. Wateja walikuwa madereva wa malori na mautingo wao, na walicheka mpaka mabenchi yakalia. Nilijiona bingwa, mpuuzi mimi.

Jumamosi moja mchana mwenye kibanda alileta flashi mpya. Tulitarajia mapigano. Kumbe ni sinema ya mume na mke waliofiwa na mtoto. Hakuna bunduki, hakuna gari kupinduka. Mke anakunja nguo ndogo, mume anakaa kitandani, wanapishana mlangoni bila kutazamana. Watu wakaanza kupiga miluzi. "Toa hii! Kwani tumekuja msibani?"

Mimi nilikuwa nimetoka msibani. Miezi miwili kabla, malaria ilitumalizia binti yetu wa miaka miwili, tukamzika kwa wazazi wangu Nyabusozi. Na mke wangu alikuwa mle mle kibandani, benchi la nyuma, na sinia lake la karanga. Ningeweza kuzima maiki. Ningeweza kusema, jamani, hii haina utani. Lakini wateja walishaanza kuinuka, na mimi nilikuwa na uchu wa kicheko chao kama mbwa wa buchani.

Kwenye sinema likashushwa jeneza dogo. Yule mama akanyoosha mkono, akasema jambo. Nikabana pua, nikatoa sauti nyembamba ya kike: "Wekeni taratibu jamani, huyu akishtuka halali tena!"

Kibanda kizima kililipuka. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka.

Maneno yale sikuyatunga. Mke wangu ndiye aliyeyasema kaburini, wakati vijana wanasukuma udongo kwa majembe. Aliyasema kwa sababu ndivyo alivyokuwa mtoto wetu: ukimshtua usingizini, mnakesha naye. Wanawake wote waliangua kilio. Mimi niliyaweka moyoni, kumbe nayaweka nije kuyauza.

Nilipogeuka, sinia la karanga lilikuwa juu ya benchi, mwenyewe hayupo.

Yangeishia hapo, ingekuwa afadhali. Mautingo waliyachukua. Wiki haijaisha, kila gunia linaloshushwa stendi linashushwa kwa maneno hayo. Mbuzi anapakiwa kwenye lori: "Taratibu, huyu akishtuka halali tena!" Muuza chipsi anageuza mayai, maneno ni hayo hayo, pua zimebanwa, meno nje. Ptu! Nilimkaripia utingo mmoja, akanikenulia: "Si wewe mwenyewe, bingwa?" Mke wangu alipita stendi kila siku na karanga zake, na kila siku aliyasikia.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza nyumba. Niliacha kazi ile, tukahamia Nyabusozi kulima. Nilimpigia magoti mke wangu, wazee wakakaa kikao, akasema amesamehe. Ananipikia, ananifulia, nikirudi ananiambia pole na kazi. Ila habari za mtoto hazisemi mbele yangu. Nikimuuliza, hata kitu kidogo, kama anakumbuka wimbo aliokuwa anaupenda mtoto, ananijibu bila hasira: "Nikuambie, ukawaambie akina nani?"

Mwezi uliopita nilitoka shambani mapema nikamsikia jikoni na mama yangu. Anacheka! Tangu msiba sikuwahi kumsikia akicheka.

"Mama, kumbe sijakusimulia," alikuwa anasema. "Siku ile alipotembea mara ya kwanza, aliinuka pale mkekani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye..."

Nikatokea mlangoni. Akainuka kuniletea maji ya kunawa. Mama akainamia viazi vyake, akaendelea kumenya.

Siku ile mtoto alipotembea nilikuwa kibandani, nimeshika maiki. Mpaka leo sijui mwanangu alitembea kwenda wapi.