Mteja Aliyekuja Kulijaribu Gari la Baba

Leo nimepiga magoti mbele ya gari langu mwenyewe.

Ni lile gari la marehemu baba, la paa la kukunja, nililolitangaza humu juzi kuwa naliuza. Limetunzwa, mkwaruzo hata mmoja huuoni.

Asubuhi kaja mzee kutoka Matai, suti imenyooka.

"Mwanangu, naomba kulijaribu kidogo tu. Nafika hapo Chanji nageuza."

Mtu mzima, nimeshamwamkia shikamoo, nitamkataliaje? Nikampa ufunguo.

Yakapita masaa matatu.

Mara nasikia tarumbeta. Natoka nje, gari la baba hilo hapo! Limefungwa vitenge na maua, na padri mpya, aliyepadrishwa juzi, kasimama na viatu juu ya kiti cha ngozi, anabariki watu.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini mtaa mzima ulishapiga magoti, na baraka ya padri mpya nani anaikataa?

Nikapiga magoti.

Jioni mzee, kumbe ndiye mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, karudisha ufunguo.

"Gari zuri, mwanangu. Ila paa la turubai kwa mvua za kwetu, hapana."

Sasa hivi kapiga simu mteja mwingine, anataka kulijaribu Jumamosi.

Nimemuuliza swali moja tu: nani anaoa?