Mashine ya Mwalimu Kamata

Kwa miaka ishirini na minane Mwalimu Kamata alifundisha fizikia, na kwa miaka hiyo hiyo alikuwa mwalimu wa nidhamu. Jina la Kamata alipewa na wanafunzi. Kila Ijumaa alikuwa akijibanza nyuma ya jumba la michezo ya mashine lililokuwa karibu na shule, anavamia ghafla, kisha anatoka na watoro wawili, sikio la huyu mkono wa kulia, la yule mkono wa kushoto. "Vitufe vile ni kaburi la akili!" aliwaambia gwarideni.

Kwa hiyo siku alipoingia, mstaafu mwenye mvi, katika duka la fundi wa redio na televisheni, akaomba joistiki moja, kile kijiti cha kuongozea, na vitufe sita vya mashine ya michezo, fundi alimtazama mara mbili, mkono ukamwendea sikioni wenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kunikamata tena?"

"Marahaba. Leo una bahati. Hii ni dawa ya mama yako."

Na kweli ilikuwa dawa. Mkewe Mwalimu alikuwa ameteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Plasta ilipotolewa, vidole vilibaki vigumu kama vijiti vya fagio. Hospitali wakampa mpira wa kuminya. Aliuminya siku mbili; siku ya tatu ukaviringika mvunguni, naye, akijua fika kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaona hautaki kiasi hicho. Lakini binti yao alipowaletea kompyuta yake kuukuu yenye mchezo wa ndege za kudunguana, mama mtu aliibonyeza saa nzima bila kulalamika. Daktari wa mazoezi aliposikia, akafurahi: mtafutieni vitufe vikubwa, vya kubonyezwa kwa nguvu.

"Niachie nikuungie, Mwalimu," fundi alisema. "Kesho jioni uje uchukue."

"Wewe? Umeme nani alikufundisha?"

"Wewe, Mwalimu. Ubaoni."

Mwalimu hakulipenda jibu hilo, labda kwa sababu lilikuwa la kweli. Maabara ya shule ilikuwa imefungwa miaka yote ile. Betri alizichora kwa chaki, waya kwa chaki, na balbu zake za chaki hazikuwahi hata siku moja kukataa kuwaka.

Alichukua vifaa vyake, akaanza kazi mwenyewe mezani pa chakula. Mlango wa kabati bovu ukawa sanduku, akalitoboa matundu saba, vitufe vikaingia vizuri. Chini ya kila kitufe kulikuwa na swichi ndogo yenye miguu miwili. Mguu mmoja ulitaka waya wake peke yake hadi kwenye bodi ndogo ya umeme iliyoungwa na kompyuta. Mguu wa pili uliunganishwa na wa jirani, waya mmoja ukirukaruka toka kitufe hadi kitufe, kisha nao ukaishia kwenye bodi. Rahisi. Ila Mwalimu alitumia waya wa rangi moja, kahawia, akisema rangi ni mapambo. Alipoligeuza sanduku juu chini, mbele yake palikuwa na bakuli la tambi.

"Baba," mkewe aliuliza, akinusa kitambaa cha meza kilichoanza kuungua kwa chuma cha kulehemu, "unatengeneza dawa au unachoma nyumba?"

Siku ya nne alifika kwenye joistiki. Ilikuwa na swichi nne kuizunguka. Akaandika kwa chaki: juu, chini, kushoto, kulia, kila neno mahali pake, akaunga vivyo hivyo. Akawasha. Akasukuma kijiti juu, ndege ikashuka. Akasukuma kushoto, ikaenda kulia.

"Kompyuta imekosea," alitangaza.

Kumpigia fundi simu? Bora afe. Akamweleza mkewe kwamba kioo kinageuza taswira, jambo linalojulikana katika sayansi. Mkewe, aliyeishi na sayansi hiyo miaka arobaini, hakubishana. Akaketi, akacheza. Alicheza kila asubuhi baada ya chai, na wiki ya tatu aliweza kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe.

Ni Mwalimu aliyekosa raha. Mwishowe alikwenda dukani.

"Nina swali. La kinadharia tu."

Fundi alisikiliza, akauma mdomo asicheke. "Kijiti kina egemeo katikati, Mwalimu. Ukisukuma kichwa juu, mkia wake unakwenda chini, unagusa swichi ya upande wa pili. Ni wenzo. Ulitufundisha kidato cha pili."

Mwalimu alirudi nyumbani. Mkewe akiwa kwa jirani, alibadilisha nyaya nne kwa dakika kumi. Mama aliporudi akakaa kucheza, ndege yake ikaanguka mara tatu mfululizo.

"Nani kaigusa mashine yangu?"

"Nimeirekebisha. Ilikuwa na kosa."

"Irudishie kosa lake."

"Lakini mke wangu, kisayansi..."

"Kosa nimeshalizoea, kama nilivyokuzoea wewe. Irudishe."

Akairudisha. Tangu hapo hakuna mgeni aliyemshinda bibi yule nyumbani kwake. Fundi mwenyewe alikuja Jumapili moja, akapigwa michezo mitano, akaondoka akisema leo mikono yake haiko sawa. Mwalimu peke yake ndiye aliyeweza kumkaribia mkewe, kwa kuwa alikuwa akifanya mazoezi kila mama alipokwenda sokoni.

Mwezi uliofuata daktari aliviminya vidole vyote kumi, akatabasamu. "Mama, umepona. Hiyo mashine sasa mnaweza kuiweka pembeni."

"Bado vinakaza, daktari," alisema mama, akikunja uso.

Daktari akamgeukia Mwalimu. "Ni kweli, mzee?"

Mwalimu wa nidhamu wa miaka ishirini na minane alikohoa kidogo.

"Kabisa, daktari. Hasa asubuhi."