Wawili Watosha na Wembe Wangu

Siku ya kwanza nilipokwenda kuripoti kazini pale boma la Kisarawe nilikabidhiwa meza yenye mguu mmoja mfupi, rimu ya fomu, penseli mbili na wembe. Nilikuwa nimetoka kufundisha darasa la tatu, nikaambiwa sasa wewe ni Afisa Utamaduni Msaidizi wa Wilaya, na hapakuwa na mtu aliyejua kunieleza kazi yenyewe ni nini. Bosi wangu wa kwanza, Mkurugenzi wa Maendeleo, alinitazama juu ya miwani akasema, "Wewe nenda kasikilize ngoma, halafu uandike." Nikamuuliza wembe ni wa nini. Akasema ni wa kuchongea penseli, kwani nilidhani serikali ingeninunulia mashine?

Basi nikaanza. Kikundi chochote kilichotaka kupiga hadharani, kiwe cha mdundiko, cha taarabu au cha dansi, kilikuja kwangu kuomba kibali. Siku ya onyesho nakaa kiti cha mbele, najaza fomu kwa penseli, kesho yake nainakili kwa kalamu juu ya karatasi za kaboni zipatikane nakala tatu. Fomu ilikuwa na safu nyingi ambazo mpaka leo sijui zilimsaidia nani: idadi ya wasanii, mmiliki wa vyombo, ujumbe wa nyimbo. Safu ya mwisho iliitwa Mapokezi, yaani watu wameupokeaje muziki. Humo uliruhusiwa kuandika neno moja kati ya matatu: mazuri, wastani, mabaya. Nilipigana na safu ile utumishi wangu wote, na ikanishinda.

Watu wakanizoea, wakaacha hata kuniita Tabu. Nikawa Bi Utamaduni.

Siku moja wakaingia vijana wawili. Mmoja aliitwa Pazi, mtoto wa mkulima wa mikorosho hapo hapo Kisarawe, mwembamba, mkimya, ana gitaa mgongoni. Wa pili Mfaume, mtu wa Janga, kule upande wa Mlandizi, mnene, mcheshi, mpiga ngoma. Nikachukua fomu, nikawauliza wasanii wangapi. Wawili. Na wengine? Hakuna wengine. Jina la kikundi? Wawili Watosha. Nikaweka penseli chini. Zama zile bendi ilikuwa na watu kumi, kumi na wawili, ina matarumbeta na gitaa la besi, na vyombo vilikuwa mali ya shirika au kikosi fulani, kwa sababu mtu wa kawaida angevipata wapi? Nikawauliza mmiliki wa vyombo ni nani.

"Sisi wenyewe," akasema Pazi.

Fomu ile ilirudishwa kwangu mara mbili. Mkurugenzi alitaka nimtafute mmiliki wa kweli.

Sasa niwaeleze muziki wenyewe, maana nyie wa leo mnaita kila kitu kwa jina lake. Vijana waliokuwa wakienda Dar walisema ule ni muziki wa roki. Mfaume alikuwa na ngoma kubwa ya gwaride iliyotupwa na shule fulani, na vipande vya mabati alivyovichagua mwenyewe kwa sikio. Pazi alikuwa na kipaza sauti kidogo cha gitaa, kile wanachokiita amplifaya, cha kutumia betri ya gari, alichonunua kwa msimamizi wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Amplifaya hiyo ilidondoka kutoka kwenye lori la mihogo kwenye vilima vya Pugu. Ndani ya spika kuna karatasi nene ya duara inayotetemeka na kutoa sauti. Karatasi hiyo ilichanika urefu wa kidole. Tangu hapo kila alichokipiga Pazi kilitoka na mkwaruzo, na akikaza mkono, gitaa linanguruma mpaka unalisikia tumboni. Nilidhani hana uwezo wa kuitengeneza. Kila mtu alidhani hivyo.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa uwanja wa boma, mchana, siku ya wakulima. Walipiga nyimbo nane. Hakuna aliyecheza, hakuna aliyezomea. Watu walikaa kwa adabu, mikono mapajani, wanatazama barabara. Nyimbo zilipokwisha, mzee mmoja wa mstari wa mbele akainuka na bakora yake akasema kwa upole kabisa, "Haya wanangu, mmeshasawazisha vya kutosha. Wenzenu wakifika, tuanzieni."

Kusawazisha vyombo ni ile kazi ya kukaza nyuzi na kujaribu sauti kabla ya dansi. Jamani! Saa nzima na nusu watu walikuwa wanaamini vijana wanajaribu vyombo, na kwamba gari la wenzao limekwama Pugu. Wapo waliokaa mpaka Magharibi wanaisubiri bendi. Mimi kwenye safu ya Mapokezi nikaandika: Watu walisubiri. Mkurugenzi akaniita.

"Bi Tabu, safu hii ina maneno matatu. Kusubiri halimo."

Nikaandika mabaya. Ningeandika nini?

Ikawa hivyo kila walikokwenda. Kule Maneromango mama mmoja aliwaletea uji na kuwapa pole nyingi, kumbe kaamini wenzao wamepata ajali. Kijiji kingine katibu wa tawi alikataa kufunga mkutano kwa sababu bendi haijafika, na huku Mfaume anafuta jasho mbele yake. Niliwaambia, niliwasihi, tafuteni hata mtu mmoja wa kupiga besi, asimame tu pale nyuma watu waridhike. Mfaume alicheka. Pazi akasema wakiwa watatu hiyo itakuwa bendi nyingine. Ubishi wa yule kijana! Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma, na bado nikawapa kibali kingine, maana na mimi nilikuwa na wazimu wangu. Nilikuwa nimeanza kuzisubiri nyimbo zile. Nikipika, nasikia ule mkwaruzo sikioni.

Baadaye nikahamishiwa Kibaha, chini ya Afisa Utamaduni wa Mkoa. Huyu alikuwa mtu wa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na aliichukia sauti yoyote asiyoitarajia. Wawili Watosha wakanifuata, kwa kuwa kutoka Janga kwa kina Mfaume si mbali, na wakaniomba wahifadhi vyombo katika stoo ya ofisi yangu iliyokuwa na kufuli. Nikakubali. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, ila sikulijua.

Mara moja tu niliona wakipokewa. Ilikuwa Ruvu, kwenye mitambo ya maji, alasiri, zamu moja inatoka na nyingine inaingia. Walikuwa wahudumu wa pampu, watu ambao masikio yao yanashinda na ngurumo kutwa. Pazi alipokaza mkono, fundi wa zamu alifumba macho, akainamisha kichwa kama anasikiliza ugonjwa. Akasema, "Hiyo ni pampu inavuta maji na hewa kwa pamoja. Huyu kijana kaisikia wapi?" Kisha wakaanza kukanyaga sakafu kwa mabuti, wote kwa pamoja, wakataka wimbo mmoja urudiwe, ukapigwa mara tatu. Mimi afisa wa serikali nilijikuta nimesimama, fomu imeanguka chini. Hakuna aliyeuliza wengine wako wapi.

Nikaandika mazuri. Afisa wa Mkoa akalikata neno langu kwa wino mwekundu, akaandika wastani, akaniambia watu kumi na wanne waliovaa mabuti si hadhira.

Ndipo ikaja habari kwamba gari la kurekodi la watu wa redio litafika Kibaha kuchukua nyimbo za vikundi vya mkoa. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yao. Redio ilikuwa ndiyo kila kitu: ukisikika humo, hakuna mzee atakayekuambia unasawazisha. Pazi alipopata habari alikaa kwenye ngazi ya ofisi. Akasema hataki kingine katika maisha yake, wakisikika mara moja tu inatosha.

Afisa wa Mkoa akapitia orodha, akanitaka ofisini. "Kile chombo kinachokoroma kitatuaibisha," alisema. "Kitengenezwe, au majina yao yatoke."

Nami nikafanya nini? Kipo stoo kwangu, ufunguo ninao mimi. Nikakibeba mpaka kwa fundi redio wa Mlandizi. Fundi akaifungua spika, akasikitika, akaniambia, "Mama, hii ilishakufa zamani." Akabandika karatasi mpya, nzuri, nyeusi. Nikairudisha stoo, nikafunga kufuli, nikajiona nimewatendea wema mkubwa. Sikuwaambia, nilitaka wafurahi siku yenyewe. Masikio yangu yalikuwa yanajua, Wallahi yalikuwa yanajua, lakini kichwa kilikuwa kinawaza orodha.

Siku ya kurekodi tulikuwa ukumbi wa chuo kimoja pale Kibaha, saa nne asubuhi, umejaa wanafunzi na wakubwa. Nikawapokea vijana mlangoni, vyombo vyao nimeshavileta kutoka stoo, tukasalimiana, nikaketi kiti changu, nikachonga penseli kama kawaida yangu, nikaurudisha wembe mkobani. Pazi akaunganisha waya, akapiga mara moja.

Ikatoka sauti safi, nyembamba, kama ya gitaa la kila mtu.

Akapiga tena. Akainama, akaweka kiganja mbele ya spika. Akaniuliza nani ameigusa. Nikasema mimi, nimekutengenezea. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikuja mpaka kwenye kiti changu, akanong'ona.

"Bi Utamaduni, nipatie wembe. Mkato mmoja tu, pale pale palipokuwa."

Nyuma yangu Afisa wa Mkoa alikuwa amesimama, namsikia anavyopumua. Mkoba ulikuwa mapajani.

"Sina," nikasema.

Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akarudi mahali pake. Watu wa redio wakawasha mashine. Walipiga wimbo ule wa Ruvu, na watu, hebu niambieni, watu walishangilia! Wanafunzi walicheza, wakubwa walipiga makofi, mtu wa mitambo akainua kidole gumba. Hakuna aliyeuliza wenzao. Ngoma ya Mfaume peke yake ndiyo ilikuwa imekasirika. Afisa wa Mkoa akaniinamia akasema, "Haya, sasa andika mazuri." Nikaandika, kwa penseli niliyoichonga asubuhi ile.

Kesho yake Pazi alikwenda kuikata ile karatasi mpya nyumbani kwao, na mkwaruzo ukarudi ule ule. Mkato mmoja, kama alivyosema. Lakini gari la redio lilikuwa limeshaondoka. Wimbo ukapigwa redioni safi, ukapendwa kiasi, na vijijini watu wakawa wanawadai waupige kama wa redio. Wao hawakutaka. Kisha ikaja ile miaka ya shida, sabuni ya kupanga foleni, betri ya gari haipatikani hata kwa dawa, na Wawili Watosha wakanyamaza. Mfaume alirudi kulima mpunga, akafariki hajazeeka. Pazi akashika mikorosho ya baba yake.

Mimi nilistaafu nikiwa bado najaza safu ile ile. Nikakabidhi meza, stoo na ufunguo, na wembe haukuwemo katika orodha ya makabidhiano, nikabaki nao. Nikarudi Kisarawe. Juzijuzi amekuja binti wa chuo, anatafiti muziki wa zamani, akanisikilizisha wimbo ule kwenye simu yake. Akasema, "Bibi, mbona wa kawaida tu? Wazee wa Ruvu wanausifia sana." Nilichoka. Ningemweleza nini? Kwamba alichokishika ni kazi ya fundi wa Mlandizi na uoga wangu?

Jumatatu Pazi alipita kwangu, kama anavyopita kila akishuka sokoni. Amekuwa mzee, magoti yanamsumbua. Nikammiminia chai, na kabla haijapoa nikamwambia. Nikamwambia siku ile wembe nilikuwa nao, ulikuwa mkobani, nilidanganya.

Akapuliza chai yake.

"Najua," akasema. "Asubuhi ile nilikuona unachonga penseli."

Nikapandwa na hasira, hasira ya miaka yote ile. Nikamuuliza mbona hakusema, mbona hakunipokonya mkoba mbele za watu, mbona kapiga ule upuuzi mpaka mwisho.

"Bosi wako alikuwa nyuma yako," akasema. "Ungefukuzwa kazi."

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, wajukuu zangu. Kuandika neno moja kati ya matatu.