Shahidi wa Tabia Yangu

Nilipoamua kuomba uraia wa Sudan Kusini, nilikuwa nimeshona nguo mjini Juba kwa muda mrefu hivi kwamba watoto niliowashonea sare za shule siku za mwanzo walikuwa wakiniletea watoto wao niwapime. Nilitoka Uganda nikiwa msichana, na cherehani moja ya kukanyaga, nikapanga kibanda katika mtaa wa Hai Mauna. Sikuwa na nia ya kukaa. Nikakaa.

Fomu ilikuwa ndefu, lakini swali lililonikwamisha lilikuwa moja tu, kwenye sehemu ya tabia njema: umewahi kukamatwa na polisi? Bwana mmoja aliyekuwa akiwajazia watu fomu nje ya ofisi alinishauri niandike hapana.

"Ni mambo ya zamani hayo, mama. Nani atakumbuka?"

Mimi nilikumbuka. Jirani yangu wa siku zile alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenyeji wa hapa aliyekulia Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mabati tu. Asubuhi tulikunywa chai pamoja, chai ya maziwa iliyochemka sana, maana nyingine aliikataa. Akichomelea mageti aliimba nyimbo za kanisani, nami nikiwa kwenye cherehani namwitikia. Sijawahi kupata jirani mwingine wa kuimba naye.

Siku moja kabla ya Pasaka, cheche zake zilipenya kwenye mabati zikaunguza majoho ya kwaya niliyokuwa nimeyamaliza usiku uliotangulia. Akaja mlangoni akasema, "Malesh, dada," yaani nisamehe, huku akitabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonipandisha hasira. Nilikuwa nimeshika rula ya mbao. Nikampiga nayo mdomoni, jino likavunjika.

Polisi walinichukua. Nilikaa kituoni mpaka jioni, yeye mwenyewe alipokuja, shavu limevimba, akaomba niachiliwe. Kesi hakufungua. Wiki nzima hatukusemezana. Kisha asubuhi moja akaingia na kikombe chake, akaketi pale pale alipozoea kuketi, nami nikammiminia.

Kwa hiyo kwenye fomu niliandika ndiyo, na chini yake nikaeleza nilimpiga nani na jinsi nilivyoachiliwa.

Afisa aliyeipokea, mama mmoja mpole, alilisoma jibu langu mara mbili.

"Hukuhukumiwa. Kwa nini umeandika?"

"Swali halikuuliza kama nilihukumiwa."

Akaifunga fomu. "Basi uliyempiga aje mwenyewe aniambie wewe ni mtu gani."

Vibanda vyetu vilikuwa vimebomolewa miaka mingi nyuma, na nilichojua ni kwamba alihamia mtaa wa Gurei. Nilizunguka huko siku mbili, karakana hadi karakana. Nilimkuta ameinama juu ya fremu ya dirisha, kichwa kimejaa mvi. Aliponitambua alizima mashine, akacheka, na pengo likaonekana. Niliona aibu kana kwamba nilimpiga jana. Nikamweleza shida yangu.

"Si ungeandika tu hapana?" akaniuliza.

"Ningeapa nikiwa nimedanganya."

"Haya dada, twende. Lakini nitasema yote, sitaficha."

"Sema yote."

Kesho yake alivaa shati lililopigwa pasi, akasimama mbele ya yule afisa. Alisimulia majoho, rula na kituo cha polisi. Kisha akasema jambo nisilolitegemea: kwamba mapigano yalipozuka mjini na yeye akakwama upande wa pili wa mji, nilikaa na mkewe mjamzito kibandani siku nne, nikampikia, sikumwacha akimbie peke yake. Mimi sikuwahi kulihesabu hilo kuwa tabia. Alikuwa jirani, na mlango wake ulikuwa karibu na wangu.

"Huyu mama ana hasira," alimalizia, "lakini mimi ningempa nyumba yangu ailinde."

Afisa aliandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa.

Miezi ilipita kabla sijaitwa kula kiapo cha uraia. Siku hiyo nilishika Biblia, nikakosea neno moja na kulirudia. Nilipotoka nilipitia Hai Mauna. Pale vilipokuwa vibanda vyetu palikuwa pamejengwa ghala la matofali, na lori lilikuwa likishusha saruji. Nilisimama kidogo, nikijaribu kukisia mlango wangu ulikuwa wapi na wake ulikuwa wapi, nikashindwa. Kisha nikarudi kazini, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.