Jino Bovu la Baba

Mimi nilipata mke kwa sababu ya jino bovu. Cheka tu, hata mimi nilicheka, ila baadaye sana.

Naitwa Kutaiba, mzaliwa wa Salt, Jordan. Nilikuwa nampenda Rahaf, binti wa Abu Nidal mwenye kijimgahawa kule mtaa wa zamani. Naye alinipenda, hapo hapakuwa na shida.

Shida ilikuwa baba zetu.

Wote wawili wanafuga njiwa. Miaka kumi na mmoja nyuma, njiwa jike mweupe wa Baba alitua kwenye paa la Abu Nidal, akanogewa huko huko. Baba akaapa akiwa kwa kinyozi, mashahidi wamejaa: "Mdomo huu hautamwomba yule mwizi hata maji ya kunywa."

Na kwetu, baba asipokwenda kuomba, huoi.

Mara tatu nilimlilia Baba, mara tatu akanijibu kwamba kiapo ni kiapo. Wakati huo kuna familia ya Amman ilishaanza kumuulizia Rahaf. Nikakonda kama ng'onda.

Basi nikatunga uongo. Nikawaambia Baba na Shangazi Fauzia twende tukale mchana pale mgahawani, kwamba Abu Nidal ameuza, kahamia Aqaba. Mpango wangu uliishia hapo. Niliamini wakionana uso kwa uso, Mungu atajua la kufanya.

Asubuhi nzima Baba alilalamikia jino. Tulipofika akala wali na kondoo wa watu wawili, hadi mifupa akaitafuna. Ningekuwa na akili ningejiuliza jino gani hilo.

Sahani zilipoondolewa, Abu Nidal mwenyewe akatoka jikoni na birika la kahawa.

Nilitamani ardhi inimeze.

Baba hakuinuka. Alipokea kikombe, akakiweka mezani bila kukionja, akakunja mikono.

Mgahawa mzima ukatugeukia. Kwetu, mgeni akiweka kahawa chini namna hiyo ana haja, na hanywi mpaka mwenyeji aitimize. Mwenyeji akiiacha ipoe, aibu hiyo wataikuta hata wajukuu zake.

Nikamnong'oneza Shangazi kwamba ni jino tu, Baba hawezi vya moto, tumwambie Abu Nidal. Akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Funga bakuli lako," akasema.

Abu Nidal jasho lilikuwa linamtoka. "Abu Kutaiba, kama ni yule njiwa, alishakufa."

Baba kimya.

"Nikupe wajukuu zake?"

Kimya. Shangazi akajisemea, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, kwamba kijana wao siku hizi hali, halali. Pazia la jikoni likatikisika, nikaona macho ya Rahaf.

Abu Nidal akamtazama binti yake, kisha akanitazama mimi. Alichokiona kwangu hakikumfurahisha hata kidogo.

"Kunywa kahawa yako, Abu Kutaiba," akasema. "Rahaf ni binti yenu."

Baba akainywa kwa mkupuo mmoja. Shangazi akapiga vigelegele. Mimi nililia mbele za watu, na sioni aibu kusema.

Tukiwa kwenye ngazi za mtaa kurudi nyumbani, Baba akatoa lozi mfukoni, akaanza kuzipasua maganda kwa meno. Tena upande ule ule wa jino bovu.

"Baba, na jino?"

"Jino gani?" Akatema ganda. "Niliapa mdomo huu hautamwomba. Je, mdomo umeomba?"

Akapasua lozi nyingine.

"Na siku nyingine ukinidanganya kwamba mtu kahama, hamisha na njiwa wake kwanza. Kila asubuhi wananinyea paa."

Ndugu zangu, mzee mkaidi usimsukume. Mwachie upenyo wa kupita bila kuinama, atapita mwenyewe. Na ukimwona amenyamaza, usijifanye wewe ndiye mjanja.

Siku ya harusi Abu Nidal alituletea jozi ya njiwa weupe. Baba akawapokea, macho yamemlowa.

Hakuomba, kaletewa.

Kiapo chake kizima mpaka leo.