Kimea Hakitaki Moto Mkali

Miaka ile ya soko huria maduka ya Songea yalijaa kila kitu, hata maziwa ya kopo yenye picha ya mtoto mnene kuliko mama yake. Mimi nilishuka kutoka Matogoro na kifuko cha kimea, ulezi niliouotesha, nikauanika na kuusaga mwenyewe. Mjukuu wangu wa Mjimwema alikuwa ametoka kuugua tumbo, amebaki macho tu. Uji mzito haupiti kooni, uji mwepesi ni maji matupu; kimea huulegeza ule mzito bila kuongeza maji. Nikaapa: sirudi kwangu mpaka mtoto huyu amalize bakuli.

Mkamwana wangu, aliyefika kidato cha nne, akapika uji mzito, akatia kimea ukiwa bado unatokota. Zahanati walimwambia chakula cha mtoto lazima kichemke. Tukangoja. Uji vilevile, mwiko umesimama wima.

"Mama, kimea chako kimezeeka."

"Niliyezeeka ni mimi. Kimea umekiua wewe."

Kwetu, hata kwa togwa ya harusi, uji huachwa upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo kimea kitiwe. Kwa nini, sikuwahi kuuliza. Nilikuwa naogopa mwiko wa mama yangu. Mkamwana akakumbuka somo la shule. Mbegu ikiota, alisema, inatengeneza vimeng'enya. Neno hilo hadi leo linanikwama kwenye meno. Wanga wa uji ni mnyororo mrefu. Kimeng'enya kina pahali pake pa kuushikia. Kinaukata vipande vitamu, kinaachia, kinashika mwingine.

"Kama mkono unaopukuchua mahindi," nikasema. "Punje zinaanguka, mkono unabaki."

"Ndiyo hivyo, mama. Moto ukizidi, vidole vinapinda, havishiki tena."

Lakini hakukubali kumpa mtoto kitu kisichochemka. "Na vijidudu je?"

Nikafikiri. "Tukipukuchua kwanza, ndipo tukachemsha, punje zitarudi kwenye gunzi?"

Akanitazama, akacheka. Tukaupoza uji uleule, tukatia kimea kingine, tukakoroga, tukangoja. Ukalegea, ukamiminika kama asali. Ndipo tukaurudisha jikoni ukachemka vizuri.

Ulipopoa, mtoto akanywa wote, akagonga bakuli kwa kijiko.

Nikachukua kifuko changu niondoke. Mkamwana akakidaka.

"Wewe nenda, mama. Kimea kinabaki."