Masika Alipoondoa Vivuli

Kuna harufu moja inayonifuata hadi leo: harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya kompyuta kuukuu. Nikiisikia katika kibanda chochote hapa Butembo, pale wanapochapisha barua na kupiga picha za vitambulisho, naangalia sakafuni kabla ya kumwangalia mtu usoni. Mniwie radhi, niwasimulie ilivyoanza.

Kompyuta yetu ililetwa na mjomba Kambale, mdogo wake mama, aliyekuwa msaidizi wa baba kwenye lori. Walikuwa wakipakia kakao Oicha na kuishusha Butembo, na safari moja mjomba alishuka na mashine iliyofungwa katika blanketi kama mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu. Unaendesha lori katika mji wa kigeni uliopakana na msitu, na ukichoka unashuka, unatembea kati ya watu. Mimi na dada yangu Masika tuliupenda hadi tukasahau kula. Lakini mashine ilikuwa dhaifu. Ukikaribia sokoni, lori lilianza kwenda kwa kurukaruka, kisha picha ikasimama, watu wakabaki mguu mmoja juu, na ukikata kona, lori liligeuka wakati umeshasahau kwamba uliligeuza.

Masika, aliyekuwa sekondari wakati huo, hakuwa mtu wa kushindwa na chuma. Alifungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi hadi akapiga chafya, akasafisha feni kwa unyoya wa kuku. Ilisaidia kidogo. Ndipo akaingia mahali pa mipangilio ya mchezo, akawa anayasoma maneno ya Kifaransa moja moja kwa kidole.

"Iko inachoka juu ya ba-ombre," alisema mwishowe. "Kila mutu, mashine inamuchorea kivuli yake. Tutoe vivuli, itapumuzika."

Akavitoa. Akaongeza na ukungu, ili mashine isisumbuke kuchora vitu vya mbali. Lori likateleza kama sabuni. Masika alipiga makofi, mimi nilisogeza uso karibu na kioo. Jua la mchezo lilikuwa likiwaka, na watu wote wa mji ule walitembea bila vivuli, miguu yao kana kwamba haigusi ardhi. Walitokea ndani ya ukungu mbele yetu kwa ghafla, wakiwa wazima kabisa, kama watu ambao kitambo kidogo kabla hawakuwapo popote. Wakipita, ukungu uliwameza tena.

Bibi yetu wa Lubero aliwahi kutuambia, akimenya viazi: "Mutu mwenye hana kivuli, hapana mupatia mukono."

"Masika, rudisha," nilimwomba. "Bale batu balishakufa."

"Ni muchezo, Kavira! Nikirudisha, itakwama tena."

Juma hilo baba na mjomba walikuwa wamekwenda Oicha. Siku waliyotarajiwa, hawakufika. Mama alisema njia ina matope; watu wa bunduki wanaochoma malori msituni hakuwataja. Simu yake aliifunga katika pindo la kitenge, na kila mara vidole vyake vilikwenda kuigusa. Alasiri alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alivuta kiti, akaketi kati yetu.

"Munionyeshe na mimi."

Masika alimwonyesha vitufe. Mama aliliendesha lori polepole hadi kwenye barabara ya msituni, akashuka, akasimama. Mbele yake ulikuwa ukungu mweupe. Hakuna kilichokwama. Picha ilikuwa laini mno, majani yakitikisika, na yule mtu wake asiye na kivuli alisimama kando ya njia akiangalia mbele.

"Mama, songa," nilimwambia. "Habachezake vile."

"Niko naangalia," alijibu bila kunigeukia.

Kila mtu alipotokea kwenye ukungu, mama aliinama kumtazama usoni. Tuliketi hivyo hadi umeme wa sola ukatuishia.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya Butembo kuzama katika ukungu. Milima yote imefutika, hata mti wa parachichi wa jirani hauonekani. Nilikuwa uani nikinawa uso. Akatokea baba. Hakuja akikua kidogo kidogo kama mtu atokaye mbali. Alitokea tu, karibu nami, bila lori, kiatu kimoja mguuni. Nilitazama chini yake. Hapakuwa na kitu.

"Kavira," aliita, akininyooshea mkono.

Nilirudi nyuma hadi ukutani. "Hauna kivuli."

Mwingine angekasirika. Baba aliinama, akautazama udongo kwa makini kuliko mimi, kama mtu aliyeangusha kitu.

"Njo vile," alikubali kwa sauti ndogo. "Basi tungoje jua."

Akaketi juu ya tofali. Mimi nilibaki ukutani. Kutoka ndani tulimsikia mama akipuliza makaa, akiimba kichinichini wimbo wa kanisani. Baba alisikia pia, wala hakumwita. Nilipofungua kinywa nimwite mimi, aliweka kidole mdomoni. Akaniuliza kama kuku ametaga. Akaniuliza habari za shule. Nilimjibu kwa mbali, macho yangu yakiwa kwenye udongo.

Ukungu ulianza kuchanika. Jua likagusa uwanja, na kivuli cha baba kikajinyoosha taratibu hadi kikafika kwenye vidole vya miguu yangu. Nikamrukia. Alinuka moshi na jasho, na alinikumbatia hadi nikaumia, huku akiangalia mlango.

Ndipo mama alipotoka. Alipiga yowe la furaha, kisha akatazama nyuma ya baba, kuelekea njiani.

"Na Kambale, iko wapi?"

Kwa miaka mingi niliisimulia asubuhi ile kama habari ya baba mpole aliyeheshimu woga wa mtoto wake. Leo nami ni mzazi, na nimewahi kubeba habari mbaya hadi mlangoni pa mtu. Najua sasa kwamba hakuwa akiningoja mimi, wala jua. Ndani, mama alikuwa akiwachemshia chai wanaume wawili, na kwa kitambo kile baba alichokaa juu ya tofali, mdogo wa mama alikuwa bado hai.